Kibuyu cha Mzee Barampama

Zuena ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Mzee Barampama amefariki. Kwetu tulipakana naye shamba, lakini habari nikaipata kutoka kwa mshona nguo wa Muyinga mjini, kwa sababu habari za Gasorwe hushuka sokoni kwanza ndipo ziwatafute wenyewe. "Yule mzee wa kibuyu," alisema, kama vile ningehitaji kuelezwa. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Gitega nachambua mboga ya lengalenga, na nilijikuta nimekaa sakafuni na bakuli mapajani. Kesho yake niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule ninayofundisha, nikapanda gari la kupitia Karusi. Msibani, msemaji wa familia alisimulia maisha ya marehemu: ng'ombe aliowafuga, watoto aliowalea, mtaro wa maji alioongoza kuuchimba. Alipofika kwenye mwaka ule, watu wote waligeuka kunitazama, hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, maana kile kipande cha video bado kinatembea kwenye simu zao. Msemaji alisema huyu hapa ndiye binti aliyekunywa na mzee mbele ya nchi nzima. Niliinamisha kichwa. Zuena, aliyekaa kando yangu na mtandio mweusi, alinibana kwa kiwiko. Marehemu akiwa ameshalala chini, kwetu tumebaki sisi wawili tunaojua kilichokuwa ndani ya kibuyu kile. Baba naye alitangulia zamani, na mdogo wangu ameoa mjukuu wa Barampama, watoto wao wanavuka mpaka wa mashamba yetu wakifukuza kuku bila kujua kama ni mpaka. Sasa naweza kusema.

Sitaeleza tulivyoondoka Burundi wala tulivyorudi kutoka Tanzania. Kila nyumba ya Gasorwe ina hadithi yake ya namna hiyo, na zote zinafanana zaidi ya wenyewe wanavyodhani. Inatosha kusema kwamba tuliporudi tulikuta shamba la babu linalimwa na Mzee Barampama, ambaye alipewa na wakubwa wa enzi hizo na kulilima kwa jasho lake miaka yote. Hakuliiba. Tulipofika na magodoro yetu kichwani, yeye ndiye aliyetupa jembe la kuanzia na mbegu za maharage. Baadaye bashingantahe, wale wazee wasuluhishi wa kilima, walilikata shamba katikati, nusu letu na nusu lake, wakapanda mstari wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, iwe mpaka. Desturi ya siku kama hiyo ni pombe ya mtama. Kinawekwa kibuyu kimoja, inaingizwa mirija, mwenye pombe anaonja kwanza ili watu waone haina sumu, kisha pande zote mbili zinakunywa, na hapo ndipo neno linakuwa neno. Lakini Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kambini kule Tanzania tulilelewa kilokole, pombe kwetu ilikuwa dada yake shetani. Basi Baba, kwa moyo safi kabisa, alileta kreti la soda. Watu walikunywa kwa adabu, wakacheua, wakaenda zao, na tangu siku hiyo kilimani kukawa na msemo: soda haifungi mpaka. Baba aliuchukua kama utani wa majirani. Wana wa Barampama, watu wazima wenye watoto na ardhi ndogo, hawakuwa wanatania.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sauti yangu ilikuwa inajulikana kuanzia Gasorwe hadi Giteranyi, kila mahali kwaya ilipokuwa na mkutano. Shindano la kuimba la televisheni lilipofika Muyinga mjini kutafuta washiriki, mchungaji mwenyewe aliniombea nauli. Aliona ni njia ya kulipeleka Neno mbali. Mimi sikuona chochote isipokuwa mimi. Siku ile ya majaribio ndipo nilipokutana na Zuena, binti wa mafundi nguo wa Kiislamu pale mjini, aliyeimba kasida huku macho yameelekea dari kama anayesoma maandishi. Tulichaguliwa wote wawili, tukapelekwa Gitega, tukapewa chumba kimoja.

Nyumba ile bado ipo, napita mbele yake nikienda sokoni, siku hizi ni duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu yenye korido ndefu na baridi ya Gitega ndani yake, ile baridi inayokaa ukutani hata jua likiwa limewaka nje. Chumba chetu kilipakwa rangi ya buluu upande mmoja tu, ule ambao kamera ingeuona. Upande mwingine ulikuwa na ukungu. Tulipika wenyewe kwa makaa, zamu kwa zamu, maharage na ndizi, siku nzuri dagaa wa Tanganyika, na siku za mvua makaa yalikuwa mabichi na moshi ulitutoa machozi mpaka tukawa tunapika tumefumba macho. Chakula kikiiva, hatukula. Tulisubiri mpiga picha apange taa, kisha tule tukicheka. Kama kicheko hakikutosha tuliambiwa tucheke tena, na maharage yamepoa yameganda juu. Mwanzoni niliona ni kazi kama kazi nyingine. Hata kwaya ina mwalimu anayekwambia utabasamu wapi. Simu zetu zilikusanywa siku ya kwanza na kurudishwa Jumapili mchana, na ndani ya nyumba ya watu wa televisheni hapakuwa na televisheni. Tulikuwa tunatazamwa na nchi nzima, lakini sisi hatukuwahi kujiona.

Aliyekuwa anaongoza yote alikuwa mtu aitwaye Didier, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha umsogelee. Sijawahi kumsikia akifoka. Alikuwa na chumba kidogo mwisho wa korido, zamani stoo ya nafaka, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi ili sauti isitoke, na ndani yake viti viwili na taa moja. Humo ndimo tulimoitwa mmoja mmoja kusimulia maisha yetu. Siku yangu alinipa chai ya maziwa kwanza, akaniuliza kuhusu kwaya, kuhusu kambi, halafu polepole akafika kwenye shamba. Nilijibu kama mtoto aliyelelewa kusema ukweli. Nilisema: kuna watu waliokuwa wakituambia kwamba Mzee Barampama ametuibia shamba, lakini si kweli, yeye ndiye aliyetupokea, alitupa jembe na mbegu, na kama si yeye tungelala njaa. Didier alitikisa kichwa kwa huruma. Aliniomba nirudie, kwa sababu taa ilicheza. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena ile sehemu ya mwanzo peke yake, taratibu. Nikarudia taratibu, peke yake. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kuona mdomo unaokatwa vipande.

Jumapili iliyofuata nilipewa simu yangu nikampigia Baba. Hakuitikia salamu. Aliniuliza nimesema nini kuhusu Barampama. Nikamweleza nilichosema, neno kwa neno, naye akaniambia kilichoonekana. Watu wa kilima walikuwa wamejaa kwa muuza soda wa Gasorwe mwenye televisheni, Barampama mwenyewe akiwa amepewa kiti cha mbele kwa sababu ni binti wa jirani yake anayeimba. Nikaonekana nimekaa kwenye ule mwanga, nikasema Mzee Barampama ametuibia shamba. Halafu nikaonekana ninalia, machozi yananitiririka, muziki wa huzuni chini yake. Machozi yale yalikuwa ya makaa mabichi. Niliyajua mara moja, kwa sababu sikuwahi kulia ndani ya nyumba ile mahali pengine isipokuwa jikoni. Baba alisema mzee aliinuka, akatoka, watu wakampisha njia. Kesho yake mkwe wake alikuja kuchukua lile jembe. Siku ya pili yake, sehemu ya miyenzi ilikutwa imeng'olewa, na wana wa Barampama walikuwa wamesimama upande wao wakitazama, hawakusema ni wao, hawakusema si wao. Mama alikuwa ameacha kwenda kuteka maji peke yake. Baba alisema, "Rudi useme." Nikamwambia nitarudi. Akasema hapana, hapa hakuna atakayekusikiliza, kaseme hukohuko uliposemea.

Nilimfuata Didier chumbani kwake nikamweleza kilichotokea Gasorwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa. Akaniambia watazamaji wamenipenda kuliko mshiriki yeyote wa Muyinga tangu shindano lianze, kura zimemiminika, watu wanalia majumbani mwao. Nikamwambia kwetu watu hawalii, wanang'oa mpaka. Akasema ataniachia nafasi ya kueleza, Jumamosi, kwenye nusu fainali, ambayo ni mubashara, kwa hiyo hakuna wa kukata kitu. "Donc, utaongea mwenyewe, Neema," alisema. "Moyo wako wote. Mi sitakugusa." Nilimshukuru. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule, mtu akinivua kiatu namshukuru kwa kuniachia kingine.

Ijumaa, Zuena aliitwa kupima nguo, na chumba cha nguo kilipakana na ile stoo ya Didier kwa ukuta wa mbao. Alirudi akiwa amekunja uso, akafunga mlango, akafungulia maji kwenye beseni ili yapige kelele. Zuena si mtu wa kunong'ona, kwa hiyo niliogopa kabla hajasema. "Mi niko na kitu ya kukuambia, na we usipige kelele," alisema. "Ile mzee wenu, watu wa Didier bo wameisha mutumia gari. Wamemwambia ni we unamwita, unataka kumuomba pardon mbele ya watu. Kesho mu direct, mu ile mubashara, anaingia, na monsieur wa micro anamuuliza: mzee, uliiba shamba, iko kweli ao hapana? Didier amesema akiomba pardon iko muzuri. Akikasirika, iko muzuri kuliko." Kisha akaongeza jambo lingine, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba. Kwenye chumba cha nguo alikuwa ameona mabango ya mshindi, yamechapwa tayari, yamefungwa kwa kamba nyuma ya mlango, na uso uliokuwa juu yake haukuwa wangu wala wake. Tulikaa kitandani tukitazama ule ukuta wa ukungu. Zuena alisema tukimbie asubuhi, gari za Muyinga zipo stendi, nani atatushika. Nilitaka sana. Lakini nikiondoka, neno la mwisho lililosikika Gasorwe lingebaki lile la ametuibia, na mzee angefika Gitega akasimama peke yake mbele ya mwanga ule, akiulizwa kama ni mwizi. Nilimwambia Zuena aende yeye. Alinitukana kwa Kirundi, akafunga bomba la beseni, akabaki.

Jumamosi asubuhi sikuweza kula. Walitupa mikate na chai, na siku hiyo hawakujali kutupiga picha. Ukumbi ulikuwa ule wa mikutano karibu na soko, umepambwa kwa vitambaa vinavyong'aa, na kijana aliyesimama mbele ya watu alikuwa anawafundisha kupiga makofi: kadi ya kijani makofi, kadi nyekundu kimya. Watu walijifunza haraka na kwa furaha. Kutoka dirisha la nyuma niliona gari jeupe likisimama, na Mzee Barampama akishuka. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi na harusi, lile la kahawia, na kofia, na kifuani amekumbatia kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa jani la mgomba. Alipokonywa kibuyu kwa heshima pale mlangoni na vijana wa kuvuta nyaya za kamera, wakamwambia kitaletwa jukwaani. Alisita, akawapa, akawa anageuka kukitazama mpaka kilipoingia ndani. Nilipiga kioo. Hakunisikia, na mwanamke wa kupaka poda alinirudisha kwenye kiti akisema nisiharibu kitu cha kushtukiza.

Niliimba. Sikumbuki nilivyoimba. Nakumbuka kadi ya kijani ikiinuka, na mtangazaji akija kunishika bega na kusema kwamba leo kuna mgeni. Mzee aliingia kutoka upande wa pazia akipepesa macho kwa ule mwanga, kibuyu kikamfuata mikononi mwa kijana, kadi nyekundu ikainuka, ukumbi ukawa kimya. Mtangazaji akamwelekezea maikrofoni. Akamuuliza kwa Kiswahili cha redio, kila neno limepigwa pasi: binti huyu anasema ulichukua shamba la wazazi wake, leo unamwambia nini? Barampama alijua Kiswahili cha sokoni, na hicho kilitosha. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulianza kutafuta kifungo cha koti na haukukipata. Nikasogea mbele. Nikasema maneno yale hayakuwa yangu yote, maneno yale yalikatwa, na nilisikia neno hilo likizunguka ukumbini kupitia vipaza sauti, kisha sauti yangu ikapotea. Niliendelea kusema. Kinanda kikaanza. Nilipiga kelele, na nilijisikia mwenyewe kama mtu anayepigia kelele ndani ya blanketi, na hapo nikamwona Didier kando ya kamera, anazungusha kidole chake taratibu kuwaambia waendelee, ametulia, ameridhika. Ndipo nilipoelewa kile ambacho kilima kilikuwa kinakiona wakati ule kwa muuza soda. Walikuwa wanaona msichana akimfokea mzee, mkono juu, mdomo wazi, na muziki wa huzuni. Kila nilipozidi kumtetea ndivyo nilivyozidi kumshitaki. Nilifunga mdomo.

Mzee Barampama ndiye aliyejua la kufanya, naye hakuwa amewahi kusimama jukwaani. Alikichukua kibuyu kwa yule kijana, akakiweka chini, akaondoa jani, akatoa mirija miwili ndani ya koti. Kwa desturi, aliyekosea ndiye anayeleta pombe. Yeye hakuwa amekosea. "Nilijua kwenu haipikwi," aliniambia kwa Kirundi, "nikaja nayo." Alikuwa ametulipia pombe tuliyodaiwa tangu siku ya soda, iliyopikwa na mkewe, akaibeba kifuani njia nzima. Na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuigusa hata kwa ulimi, nilimwona Baba mbele ya macho yangu, na mchungaji, na kwaya nzima imesimama, na nikapiga magoti. Nilishika mrija. Ninataka hili lieleweke: nilipiga magoti nikiwa najua kwamba ni pombe.

Akaonja kwanza, kama inavyotakiwa. Nikamwona anasita katikati ya funda. Alilishikilia mdomoni, akatazama kibuyu, akatazama wale vijana wa nyaya kando ya pazia, kisha akanitazama mimi, na katika muda wote nilioishi sijawahi kutazamwa hivyo. Lilikuwa jicho la mtu aliyeitwa kutoka mbali ili achekwe. Sikujua kosa ni nini. Nilidhani imeharibika, nilidhani ameghairi, nilidhani sasa atainuka na kuondoka kama alivyoondoka kwa muuza soda, na kila kitu kitakuwa kimekwisha, shamba, Mama kisimani, vyote. Wala hakuwa na haraka. Akameza. Akainama karibu yangu, mrija wake mkononi, na kwa kuwa maikrofoni yangu ilikuwa imekufa hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

"Ni maji," alisema. "Wametuwekea maji. Kunywa, mwanangu, watu wa kwetu wanatazama."

Nikanywa. Yalikuwa maji ya bomba la Gitega, ya baridi, yenye harufu kidogo ya mtama iliyobaki kwenye kuta za kibuyu. Nilivuta kwa muda mrefu, nikafumba macho, nikashusha pumzi kama nilivyowaona wanaume wa kilimani wakishusha, nikafuta mdomo kwa mgongo wa kiganja. Yeye akavuta tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipokeza. Tulikunywa zamu kwa zamu kibuyu kizima cha maji, tumeinamiana, na kadi ya kijani haikuinuka, lakini watu walianza wenyewe, kwanza akina mama wa soko waliokaa nyuma, wakapiga vigelegele, maana hawakuhitaji kadi kujua walichokiona. Didier hakukata picha. Angekataje, ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Hakujua tu inasema nini.

Nilitolewa jioni ileile, majaji wakisema sauti yangu bado haijakomaa, na Zuena alitolewa nami. Yeye ndiye aliyenieleza nyuma ya ukumbi, tukisubiri gari, kilichotokea. Didier alikuwa amesema pombe haiwezi kuingia jukwaani, wadhamini hawatapenda, wamwage waweke maji, kwenye picha ni kitu kilekile. Wale vijana wa nyaya walikuwa watoto wa vilimani kama sisi, hawakuwa na moyo wa kuimwaga pombe ya mtama iliyopikwa vizuri. "Bo wameikunywa yote," Zuena alisema, "nyuma ya camion, ile lori yao, na walisema bibi ya ile mzee anajua kupika." Nilicheka mpaka nikalia, na safari hii yalikuwa machozi yangu mwenyewe. Mzee alikuwa ameshaingia ndani ya gari jeupe. Tulirudi naye Muyinga, tukazungumza habari za mvua.

Gasorwe ilinipokea kama mtu aliyetoka vitani akiwa mzima. Mkwe wa Barampama alikuwa amelirudisha lile jembe kabla sijafika, limenolewa. Wana wake walikuja uani kwetu, wakakaa, wakaniuliza pombe ya mama yao niliionaje, nikasema nzuri, wakacheka kwa namna ambayo hawakuwahi kucheka nyumbani kwetu. Soda ilikuwa imesahauliwa. Lakini kanisa nalo lilikuwa na macho. Binti wa mzee wa kanisa amekunywa pombe mbele ya taifa, tena kwa magoti. Iliamuliwa nitengwe, nisiimbe, nikae benchi la nyuma mpaka nitubu mbele ya watu. Baba alinifuata shambani jioni ya Jumamosi. Nilikuwa napalilia. Alisimama juu yangu kwa muda, kofia mkononi, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, yeye ambaye hakujua kusema uongo hata kwa mtoza ushuru. "Niambie ulijifanya," alisema. "Niambie uliweka mrija mdomoni tu. Niambie hukumeza, Neema, nami nitasimama kesho niwaambie."

Neno moja tu lilitosha. Lakini Baba angesimama kweli, angelisema madhabahuni kwa sauti yake kubwa, na kabla ya jua kuzama lingekuwa limefika kwa wana wa Barampama kwamba mpaka ulifungwa kwa maji. Nilijua wangefanya nini. Nilimjua pia mzee, ambaye alikuwa amekaa barazani kwake siku ile ile akisifiwa kwa pombe ambayo hakuionja, na hakusema kitu. Na zaidi ya yote nilijua kwamba nilipopiga magoti pale nilikuwa tayari nimeshakunywa. Nikamwambia, "Nilimeza, Baba." Akauliza kama ninajuta. Nikamwambia sijuti. Nilipenda kuimba kuliko nilivyopenda kitu chochote, na nililia baadaye peke yangu, ila pale mbele yake sikulia.

Jumapili Baba hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Yeye mwenyewe alisoma jina langu lote, pamoja na jina lake lililo ndani yake, na sauti haikumkatika mpaka mwisho. Kwaya iliimba bila mimi, wakakosea pale ambapo mimi ndiye niliyekuwa nikiwaingiza. Ibada ilipokwisha na watu wakatoka kusalimiana nje, Baba aliteremka kutoka mbele, akapita mabenchi yote, akaja kukaa kando yangu kule nyuma, magoti yake yakigusa ukuta. Akaniambia amepita mpakani asubuhi, wana wa Barampama wamerudishia miyenzi, wamepanda hata pale palipokuwa na pengo tangu mwanzo. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, mtu ambaye alizaliwa, akakua na akazeeka bila kuionja, akaniuliza pombe ina ladha gani. Nikamwambia haina ladha yoyote. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikashusha macho, kisha akasema twende nyumbani, Mama anasubiri. Na Jumapili zote zilizofuata, akimaliza kazi yake ya mbele, alikuwa anashuka kuja kukaa nyuma pamoja nami.